Linda Martell alikuwa na albamu yake, mwandikeni kama mwimbaji

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua na naomba msinikate sana, maanake hii barua nimeiandika na kuifuta mara tatu tangu Jumamosi. Ni kuhusu ile habari ya burudani mliyotoa juu ya muziki wa country na watu weusi. Kwa Beyoncé mliandika vizuri, hapo sina neno, Cowboy Carter ya 2024 naijua yote na Februari 2025 ilimpa Grammy ya albamu bora ya mwaka na ile ya albamu bora ya country, haki yake kabisa. Lakini mlipofika kwa Linda Martell mlisema tu ni bibi mmoja mzee anayesikika akiongea ongea katikati ya nyimbo za albamu hiyo, mkaweka nukta, mkaendelea na mambo ya mavazi na kofia.

Mhariri, huyo mama ana albamu. Yake mwenyewe, jina lake kwenye jalada, nyimbo kumi na moja, ilitoka 1970. Inaitwa Color Me Country. Hiyo ndiyo ilikuwa albamu yake ya kwanza na ndiyo ikawa ya mwisho, na mimi naona kama mtu anaandika habari zake bila kuitaja basi hajaandika habari zake, ameandika habari za jirani yake.

Alizaliwa 1941 Leesville, South Carolina, jina lake la nyumbani ni Thelma Bynem. Jina la Linda alipewa na mtangazaji mmoja wa redio aliyemwambia sura yake ni ya mtu anayeitwa Linda. Aliimba kanisani, aliimba na kundi lake nyimbo za R&B kama wasichana wengine weusi wa wakati huo, na country alikuwa anaijua tu maanake ndiyo iliyokuwa inalia redioni nyumbani kwao. Sasa kuna mzungu mmoja muuza fanicha kutoka Nashville anaitwa Duke Rayner, akamsikia akiimba kwenye kambi ya jeshi la anga huko Charleston, na katikati ya nyimbo zake za kawaida akaimba za country. Rayner ndiye aliyempeleka Nashville kwa Shelby Singleton, prodyusa ambaye 1968 alikuwa ametoa Harper Valley PTA ya Jeannie C. Riley na pesa zilikuwa zimeingia. Singleton akamwambia usihangaike na R&B, wewe imba country. Hiyo ilikuwa 1969.

Na kampuni ya Singleton ilikuwa inaitwaje? Plantation Records. Sisi huku Kericho tukisikia plantesheni tunawaza chai, lakini Kusini mwa Marekani plantesheni ni pale watumwa walipochuma pamba wakichapwa. Mwanamke mweusi anarekodi, sahani inazunguka, na katikati ya sahani kwenye ile karatasi ya duara imeandikwa Plantation juu na jina lake chini. Mwenyewe amesimulia kwamba lilimuudhi na alimwambia Singleton, Singleton akalitetea na likabaki vilevile.

Nirudi kwa albamu maanake ndiyo iliyonikalisha chini kuandika. Ilirekodiwa kwa siku moja tu. Mtu anaingia studio asubuhi, wanamuziki wa Nashville ambao wanajua kazi yao, gitaa la stili linalia kama mtu anayevuta kitambaa polepole, na anatoka usiku amemaliza albamu nzima. Sasa sikilizeni ule wimbo wa kwanza, Bad Case of the Blues. Kuna mahali anaipindua sauti kutoka kifuani inaruka juu kooni inarudi tena chini, ile kitu Jimmie Rodgers, mwimbaji mzungu wa country, alikuwa anafanya miaka ya ishirini. Haikwami hata kidogo. Watu wengi wakijaribu hiyo unasikia kabisa wanajaribu, yeye ni kama anacheka.

Na hapa niseme kitu kwa wale waliosema kwenye habari yenu kwamba country haina uhusiano na sisi. Mwaka wa 1950 Hugh Tracey, yule mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alikuja na mashine zake za kurekodi akafika Kapkatet, hapa hapa kwetu, akarekodi wasichana wa Kipsigis wakiimba Chemirocha. Hilo Chemirocha ni Jimmie Rodgers, jina lilivyotamkwa na wazee wetu waliokuwa wamesikia santuri zake kwenye gramafoni. Kwa hiyo mtu asije akaniambia ati naiga Beyoncé. Huko Marekani pia watu weusi hawakuanza jana. Banjo yenyewe ilitoka na watu waliochukuliwa Afrika. DeFord Bailey, mweusi, alikuwa anapuliza kinanda cha mdomo kwenye Grand Ole Opry, ile shoo kubwa ya redio ya country huko Nashville, tangu miaka ya ishirini. Charley Pride, mweusi pia, alianza na kampuni ya rekodi ya RCA mwaka 1966 na rekodi zake za kwanza zilitumwa kwa stesheni za redio bila picha yake, ili watangazaji wazipende kwanza kabla hawajajua ni nani. Linda hakufichwa hivyo. Yeye alitumwa vile alivyo, mweusi na mwanamke, apande jukwaani na avumilie yatakayotoka kwa watu.

Na yalitoka. Amesimulia jinsi watu walivyokuwa wanamtukania rangi yake yuko juu ya jukwaa, anaimba, maikrofoni mkononi. Kuna promota mmoja alimwalika, akaja kugundua ni mweusi, akafuta shoo. Na bado Agosti 1969 alipanda Grand Ole Opry, mwanamke mweusi wa kwanza kuimba pale peke yake, wakati huo Opry ilikuwa bado iko Ryman, lile jengo la Nashville lililojengwa kama nyumba ya ibada na lina mabenchi kama ya kanisa. Alirudi pale hadi zikafika mara 12. Akaonekana pia kwenye Hee Haw, kipindi cha televisheni. Wimbo wake Color Him Father ulifika namba 22 kwenye chati ya country ya Billboard, albamu ikafika namba 40. Kwa msichana aliyetoka Leesville na amerekodi country mwaka mmoja tu hiyo si kitu kidogo, na miaka mingi sana ilipita kabla mwanamke mwingine mweusi anayeimba peke yake kufika juu zaidi ya hapo kwenye chati hiyo.

Sasa huo wimbo.

Color Him Father, Linda si wa kwanza kuuimba, uliandikwa na Richard Spencer na ukaimbwa na kundi lake The Winstons la Washington, 1969 huohuo. (Sahani yao upande wa pili ina Amen, Brother, yenye zile sekunde sita za ngoma ambazo zimekatwa na kuwekwa kwenye maelfu ya nyimbo za watu wengine, lakini hiyo ni barua ya siku nyingine.) Wimbo ni wa mtoto anayemsifu mwanaume wa nyumbani kwao. Anaamka mapema kwenda kazini, anarudi jioni, anauliza shule ilikuwaje, anawapenda, na mtoto anasema huyu mpeni rangi ya baba, mpeni rangi ya upendo. Unasikiliza unafikiri ni wimbo wa baba basi. Alafu karibu na mwisho mtoto anasema baba yangu mzazi aliuawa vitani, mama akabaki na watoto saba, na huyu mwanaume ndiye aliyekuja akasimama pale. Kumbe muda wote ulikuwa unasikiliza sifa za baba wa kambo.

The Winstons wanauimba vizuri, una tarumbeta na una mchapo. Linda anauimba taratibu kidogo, na akifika pale kwa baba aliyekufa hapandishi sauti. Hapo ndipo mwimbaji mwingine angelia ili na wewe ulie, yeye anakuambia tu, kama mtu anayemweleza mgeni habari za nyumbani huku anaosha vyombo. Mimi niliusikia mara ya kwanza 2024, kwenye simu, nikiwa nimeketi kwenye matatu Litein nikingoja ijae, baada ya kusikia jina lake kwa Beyoncé na kulitafuta. Nilishuka. Konda akaniuliza mama unaenda wapi na ulikuwa umeshalipa, nikamwambia endeni.

Baba yangu mzazi alikufa kwa ajali ya barabarani nikiwa na miaka mitano. Mama alibaki na sisi wanne. Miaka miwili baadaye akaja mzee ambaye mimi namwita Baba hadi leo na sitamwita kingine. Alikuwa anaendesha lori la kubeba majani chai kutoka vituo vya kuuzia hadi kiwandani, na lile lori lilikuwa na redio ya kaseti, na kaseti zake zilikuwa Jim Reeves, Skeeter Davis, Charley Pride, Don Williams, Kenny Rogers, Dolly Parton. Tulikuwa tunajua amefika kwa muziki kabla ya taa. Lori linapanda ile kona, injini inanguruma, na juu ya injini sauti ya Jim Reeves iko pole kabisa kama haina habari na matope.

Alikuwa anaingia ananuka majani mabichi yaliyonyeshewa. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Lakini kila jioni alikuwa anaita madaftari. Na kabla hajashika daftari alikuwa anachukua kipande cha gunia kilichotundikwa nyuma ya mlango anafuta mikono, upande huu na upande huu, hadi kwenye kucha, ndiyo anafungua. Yeye mwenyewe alisoma hadi darasa la nne. Hesabu zangu za darasa la saba hakuwa anazielewa na nilikuwa najua hazielewi, na alikuwa anapitisha kidole kila mstari kwenye mwanga wa koroboi na akifika mwisho anasema, haya, umeandika safi. Majirani walikuwa wanatuambia huyo si baba yenu. Watoto shuleni pia. Mimi sikuwahi kuwa na neno la kuwajibu, nilikuwa nanyamaza tu. Zaidi ya miaka arobaini baadaye mwanamke wa South Carolina amenipa hilo neno kupitia spika ya simu ya mkononi.

Kwa hiyo muelewe kwa nini nilikasirika Jumamosi.

Tena mlisema hakufanikiwa. Mngeuliza kwanza ni nini kilitokea. Singleton alikuwa na Jeannie C. Riley na nguvu za kampuni zilienda kwa Jeannie. Linda akaona hapelekwi mbele, akaondoka. Alivyosimulia yeye, alipotaka kurekodi kwingine Singleton akawazuia wale wengine wasimchukue. Hajakosa sauti, hajakosa nyimbo, amefungiwa mlango. Kwenye albamu hiyohiyo kuna Before the Next Teardrop Falls, nyinyi wote mnaijua, lakini mnaijua kwa Freddy Fender, ile anayoimba kipande kwa Kihispania, ilifika namba moja Marekani mwaka 1975. Linda alikuwa ameshaiimba miaka kabla yake na sioni aliharibu wapi. Sisemi Fender aliiba, wimbo ni wa waandishi na yeye aliuimba kwa moyo wake, nasema mtu aliyeimba wimbo ambao baadaye uliteka nchi nzima hawezi kuitwa mtu asiyejua kuchagua nyimbo.

Baada ya hapo aliimba huku na huku, akahama miji, mwisho akarudi South Carolina. Akaendesha basi la shule. Hii niliisoma mara mbili. Mtu aliyesimama Opry mara 12 anaamka alfajiri anawasha basi anapita kwa nyumba za watu anachukua watoto. Nyinyi mngeandika hapo kwamba ni huzuni. Mimi nimelelewa na dereva, sioni huzuni kwenye usukani. Ninachoona ni kwamba kulikuwa na watoto huko South Carolina waliokuwa wanapelekwa shule kila siku na sauti ile na labda hawakujua, na kulikuwa na wengine kama mimi huku Bureti ambao tulikuwa na kaseti za kila mtu isipokuwa yake.

Heshima imeanza kurudi, pole pole. Rissi Palmer, naye mwimbaji mweusi wa country, alipoanzisha kipindi chake cha redio mwaka 2020 alikiita Color Me Country, jina la albamu ya Linda. Mwaka 2021 CMT, televisheni ya country ya Marekani, wakampa Linda tuzo. Mjukuu wake akaanza kutengeneza filamu ya maisha yake. Alafu Beyoncé akamweka kwenye Cowboy Carter, na kwa wimbo Spaghettii Linda akateuliwa kwa Grammy akiwa na miaka 83. Ndiyo, hapo anaongea, haimbi. Anaongea kuhusu jinsi muziki unavyowekewa mipaka ya aina hii na aina ile, na nani ana haki zaidi ya kuongea hivyo? Lakini hiyo ni mlango wa kuingilia. Mtu akikufungulia mlango huwezi kusimama kwenye kizingiti ukarudi nyumbani ukasema nimeona nyumba.

Ninachoomba ni kitu kidogo. Kwenye ule ukurasa wenu wa Jumamosi mnaochambua albamu, siku moja chambueni hii. Si kwa sababu ya Beyoncé, si kwa sababu ya rangi peke yake, ichambueni kama albamu. Semeni kwamba The Wedding Cake haikumfaa sana, mimi naona haikumfaa, inamfanya aonekane mtu wa makamo na hapo alikuwa hajafika hata miaka thelathini. Semeni kwamba San Francisco Is a Lonely Town ingeweza kuwa wimbo wa kuanzia. Semeni kwamba kinyago hakichongwi siku moja na hata hivyo yeye alichonga. Bishaneni naye kama mnavyobishana na Dolly na Kenny. Na watangazaji wetu wanaopiga country Jumapili asubuhi, ambao najua wanasoma gazeti hili, baada ya Jim Reeves wa tatu mtuwekee Linda mmoja.

Wiki iliyopita nilienda nyumbani. Baba sasa ana miaka themanini na mmoja, masikio si yale, kwa hivyo nilimwekea simu karibu kabisa na sikio lake la kulia na nikaongeza sauti hadi mwisho. Alisikiliza Color Him Father yote. Kiingereza chake ni cha kaseti, lakini cha kaseti anakijua chote. Ulipoisha hakusema kitu kwa muda, akawa anafuta mikono kwenye magoti ya suruali, upande huu na upande huu, na mikono ilikuwa safi. Alafu akaniuliza, huyu ni nani, na kwa nini hatukuwa na kaseti yake?

Sikuwa na la kumjibu. Gazeti lenu analisomewa kila Jumamosi, kwa hivyo naomba mumjibu nyinyi.

Msomaji wenu wa miaka mingi,
Litein, Kericho